Maji Yamekwenda Wapi

Daftari langu la safari lilikuwa na safu tatu: siku, mji, kilomita. Dar es Salaam hadi Bagamoyo, 70. Bagamoyo hadi Tanga kwa njia ya Saadani na Pangani, kama 250. Kisha Mombo, na kutoka hapo kilomita 33 za kupanda hadi Lushoto. Niliupanga mpango huo Mwanza, kwenye meza ya mama, mwezi mzima. Mimi ni mtoto wa ziwani, nimekulia Kirumba, na maji nimeyaona tangu nikiwa mgongoni. Bahari nilikuwa sijaiona hata siku moja. Kichwani mwangu ilikuwa ziwa lililotiwa chumvi.

Mjomba wangu, aliyeendesha malori miaka mingi na sasa anaishi Dar es Salaam, alivaa miwani akalisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha akanirudishia.

"Umepanga vizuri, mjomba. Lakini hujaandika mwezi uko wapi."

Nikamtajia tarehe. Akacheka, akaenda kupima upepo wa matairi.

Tuliingia Bagamoyo saa kumi jioni. Bahari ilikuwa imejaa pomoni, ngalawa zinayumba karibu kabisa na soko la samaki. Nilichovya kidole nikaonja. Si chumvi ya mchuzi ile. Ni ya kukunja uso. Nikampigia mama.

"Ni ya chumvi kweli?" akauliza.

"Kweli, mama. Mengine ni kama nyumbani."

Asubuhi nilifunga taulo kiunoni nikateremka kuoga. Bahari haikuwepo. Nasema kama nilivyoona: pale tulipoacha maji jioni palikuwa na tope na mchanga, umbali wa kutembea robo saa, na zile ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Nilisimama nikatafuta kwa macho. Nyumbani ziwa likishuka kiangazi, linashuka kwa miezi, na watu wanaanza kuulizana. Hapa maji yalikuwa yameondoka usiku mmoja, kama wapangaji wanaohama kabla ya jogoo, na hakuna aliyeshtuka. Watoto walikuwa wanacheza mpira pale ambapo jana maji yangewafunika. Bibi mmoja aliyejifunga kanga kiunoni alikuwa ameinama akichokoa mchanga kwa kijiti na kutia chaza kwenye ndoo.

"Shikamoo bibi. Maji yamekwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Yamekupwa. Leo bamvua, mwezi mpevu. Saa kumi yatakuwa yamejaa tena."

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya mjomba. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku moja, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hujaa mno na kupwa mno: hiyo ndiyo bamvua. Katikati yake maji hayana nguvu, na wavuvi huyaita maji mafu. Nilichukua kalamu, nikaongeza safu ya nne.

Siku hiyo tulizunguka Kaole, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, tukapita kanisani ambako mwili wa mmisionari Livingstone uliletwa mwaka 1874 baada ya kubebwa kutoka bara. Lakini akili yangu ilikuwa bado ufukweni. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara. Wanyamwezi na Wasukuma walitembea miezi wakiwa na pembe za ndovu mabegani hadi hapa. Wasukuma walitoka kwetu, kwenye maji yasiyohama. Nilijiuliza yule wa kwanza alisema nini alipoamka asubuhi na kuona mchanga mtupu. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, na sababu mojawapo nilikuwa nimeikanyaga kwa miguu: maji mafupi, meli kubwa haiwezi kukaribia.

Siku ya tatu tulishika njia ya Saadani, hifadhi ambayo mbuga yake inafika mpaka ufukweni. Ngiri walitukatiza mbele mkia juu. Tukafika Bweni, tukavuka Mto Pangani kwa kivuko. Sisi wa Mwanza vivuko tumevizoea, nikakaa kwa raha. Ila mto wenyewe ulinichanganya: ulikuwa unatiririka kuelekea bara. Maji yanayotoka Kilimanjaro na Meru yamefika mlangoni, na bahari inayarudisha nyuma!

Jioni mwenyeji wetu alikaa juu ya mbuzi, akashika kifuu kwa mikono miwili, akakuna nazi kwa mzunguko mdogo mdogo usiogusa ganda la kahawia. Nazi iliyokunwa ikaanguka kwenye sinia, nyeupe kama unga. Akakamua tui zito, akaliweka kando. Akatia maji tena, akakamua tui jepesi. Jepesi lilitangulia chunguni na samaki, zito likaingia mwisho, naye akikoroga polepole lisikatike. Kwetu sato anahitaji nyanya, kitunguu na moto mzuri tu. Nilikula sahani mbili.

Siku ya nne ndiyo nitakayoisimulia uzeeni. Nje ya Pangani kuna Maziwe, kisiwa cha mchanga ambacho maji yakijaa hakionekani. Zamani kilikuwa na miti. Bahari ikakila hadi miti yote ikaisha. Kasa bado hutafuta pa kutagia, na mayai yanayotagwa pale huhamishiwa bara yasizame. Daftari langu lilisema tuondoke saa kumi na mbili asubuhi. Nahodha alisema saa nne. Tulipofika palikuwa na maji tu, ya kijani kibichi. Akazima injini, tukangoja. Kwanza rangi ilibadilika, ikawa kama chai ya maziwa. Kisha mstari mweupe, kisha mgongo, kama mtu anayejigeuza ndani ya shuka. Baada ya muda nilikuwa nimesimama juu ya nchi ambayo nilipokunywa chai asubuhi haikuwepo. Mjomba alivua viatu, akatembea kutoka ncha hadi ncha bila kusema neno.

Tanga tulilala usiku mmoja. Mapango ya Amboni ni baridi na popo, na mji wenyewe ni wa baiskeli na watu wasio na haraka. Tukaondoka.

Mombo tulifika tukitiririka jasho. Kisha barabara ikaanza kujikunja. Nilidhani milima naijua, maana Mwanza imekaa juu ya mawe. Lakini mawe yetu unayapanda kwa dakika kumi na juu bado ni Mwanza ile ile. Hapa kila kona ilituingiza nchi nyingine. Soni masikio yaliziba, wauza matunda damu wamevaa makoti. Mbele zaidi kabichi zilikuwa zimepandwa kwenye miteremko ambako kwetu mbuzi angefikiri mara mbili, na ukungu ulitambaa barabarani mchana kweupe. Mjomba alipunguza gia, akawasha taa. Kilomita 33 zilituchukua zaidi ya saa nzima, na kwenye daftari nilikuwa nimeandika dakika 30.

Siku ya saba tulisimama Irente, kwenye ukingo wa jabali. Chini kabisa kulikuwa na tambarare tuliyotoka, mashamba ya mkonge yamenyooka kama misuko ya kichwa cha mtoto, na barabara kuu nyembamba kama uzi. Nilikuwa nimevaa sweta la mjomba na bado natetemeka.

Usiku ule, miguu ndani ya blanketi mbili, nilifungua ukurasa mpya. Juu nikaandika: Safari ya Mama. Siku ya kwanza, Bagamoyo. Kabla ya kilomita nilimwomba mjomba kalenda, nikatafuta tarehe ya mwezi mpevu. Nikahesabu na saa: afike jioni maji yakiwa yamejaa, alale, na asubuhi nimwamshe mimi mwenyewe.