Kukaguliwa

Sisi wa Busia na Malaba hatupendi kukaguliwa. Mpaka wa Kenya na Uganda ndio uliotulea hivyo: anayekukagua anakuchelewesha, na kila saa ya kuchelewa inakula faida. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 ili msafiri asimame mara moja badala ya mbili, lakini njia za panya hazijaota nyasi. Mimi kazi yangu ni kupitisha hati za mizigo, kwa hiyo nasema ninachokijua. Nikiona foleni ya malori, macho yanatafuta upenyo kabla sijajiuliza nina haraka ya nini.

Tabia hiyo nilikwenda nayo kwenye maporomoko ya Sipi, Uganda. Si mbali kama wengi wa kwetu wanavyodhani. Unavuka Malaba kwa kitambulisho tu, jambo ambalo Kenya, Uganda na Rwanda zimeliruhusu tangu 2014, unapita Tororo na jabali lake, unafika Mbale, kisha barabara inapanda Mlima Elgon kuelekea Kapchorwa. Maporomoko ni matatu. Lile kubwa lina urefu wa takriban mita 100, na pembeni mwake wageni hufundishwa kuteremka kwa kamba.

Mwalimu wetu, kijana wa Kisabiny, hakuanza na kamba. Alianza na nguo. "Dada, huo mtandio vua. Nywele fungia ndani ya helmeti." Chochote kinachoning'inia kinaweza kuvutwa ndani ya kile chuma chenye umbo la nane ambamo kamba hupita, na ukinaswa hapo huna pa kukanyaga. Akakaza mikanda ya kiuno na mapaja mpaka nikaguna. Akaibana pete ya chuma kwa vidole kuhakikisha mlango wake umefungwa. Halafu msaidizi wake akaja, akarudia yote kana kwamba hakumwona mwenzake akiyafanya. Kisha mwalimu mwenyewe akageuka, akainua mikono, akakaguliwa na yule msaidizi! Mtu ambaye huo mwamba ndio ofisi yake. Hilo lilinigusa kuliko maporomoko.

Kushuka kwenyewe mwili unakataa. Unajua kamba itakubeba, lakini unataka kuukumbatia mwamba, na ukiukumbatia ndipo miguu inateleza. Inabidi ukae hewani, umeegemea nyuma, miguu imeachana, mkono mmoja umeshika kamba karibu na nyonga: ukiivuta chini unasimama, ukilegeza unateremka. Na ukizimia? Chini yupo mtu ameshika kamba ile ile, akiikaza, unasimama. (Ile ya kufungia turubai la lori haifai hapa, hata kama utingo wako anajua mafundo yote ya dunia. Imepigwa jua kutoka Mombasa, na hujui imeburuzwa wapi.)

Ukaguzi wa mpakani unamtafuta mhalifu. Wa Sipi unamtafuta aliyesahau, na kusahau hakuchagui fundi wala mgeni. Siku hizi nampa mwenzangu hati zangu azisome kabla hazijatumwa, nami nasoma zake. Hajapenda. Anadhani simwamini, na kumweleza kwamba ni kinyume chake bado kunanishinda.

Mchana ule kule Sipi tulitaka kushuka tena, safari hii tuingie korongoni kabisa. Pale tulipokuwa hapakuwa na tone, ila wingu jeusi lilikuwa limekalia Elgon. Mwalimu akakataa. Mvua ya juu humfikia mtu wa korongoni jua likiwa linawaka. Maji ya ghafla ya namna hiyo yaliua wageni Hell's Gate, Naivasha, Aprili 2012 na tena Septemba 2019. Mzee mmoja katika kundi letu, mfanyabiashara wa Busia, akamvuta mwalimu kando na noti mkononi, kwa ile sauti ya chini tunayoijua sote.

Kijana akacheka. "Mzee wangu, mimi ungenipata. Hilo wingu je?"

Tukapelekwa kuona kahawa ikitwangwa, na mzee wetu alinuna mpaka Tororo.