UNATAKA GARI LA UMEME ARUSHA? ULIZA MDOMO KWANZA!

ARUSHA bwana! Kitu kipya kikiingia nchini, vijana wa hapa hawakubali kusimuliwa, wanataka wakione kwa macho na ikiwezekana wakiendeshe. Ndiyo maana siku hizi kwenye vijiwe, kuanzia Kilombero mpaka Njiro, ubishi wa Noah na Subaru umeanza kuingiliwa na neno "umeme". Na swali la kwanza la kila mshikaji ni lile lile, "Mkoko wenyewe unakwenda kilometa ngapi?"

Swali zuri, lakini limeruka foleni. La kwanza liwe hili: mdomo wake ukoje?

Msicheke. Mdomo ni lile tundu la gari linalochomekwa waya wa chaji. Petroli haina ubaguzi, pampu moja pale Sakina inajaza Vitz ya mwalimu, Land Cruiser ya watalii na pikipiki ya bodaboda bila kuuliza kabila. Umeme wa magari haujafikia ustaarabu huo. Wakubwa wa dunia wametengeneza kila mmoja plagi yake, na sisi tunaonunua kila kona tunaletewa zote.

Tuanze na Japani, maana ndiko yanakotoka magari yetu mengi ya mtumba. Nissan Leaf ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, na zile za mwanzo za Kijapani zina matundu mawili puani. Moja ni la chaji ya taratibu, linaitwa Type 1. La pili ni la chaji ya haraka, linaitwa CHAdeMO. Jina hilo Wajapani walilitunga kwa utani, linafanana na maneno yao ya kumkaribisha mtu chai, yaani gari likichaji wewe unapata kikombe.

Ulaya wana Type 2 kwa chaji ya taratibu, na kwa ya haraka wana CCS2, ambayo ni Type 2 hiyo hiyo iliyoongezewa matundu mawili makubwa kwa chini. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kuwa vituo vya umma vitumie hizo. China nao wana yao, GB/T. Hii ndiyo yenye vituko! Plagi yake ya taratibu inafanana sana na Type 2, lakini dume na jike vimebadilishana nafasi. Ukiitazama kwa mbali unasema hii itaingia tu. Haiingii ng'o!

Sasa chukulia umepata Leaf yako ya mtumba, na Jumamosi unataka kumtoa mwenzako out mpaka Momella, mkawaone twiga na flamingo. Unatoka Mnara wa Saa, unashika njia nne za kuelekea Tengeru. Mlima Meru uko kushoto kwako, mita 4,566, kichwa kimefunikwa na wingu kama kawaida yake. Tengeru Jumamosi ni siku ya soko, kwa hiyo ndizi, mikokoteni na akina mama wamejaa kando ya barabara. Hapo gari la petroli linaunguza mafuta bure likisubiri. Lako limetulia kimya, linakula kidogo sana. Raha!

Ukifika Usa River unakata kushoto, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Barabara inaanza kupanda. Kwa kanuni za fizikia, kulipandisha gari la tani moja na nusu mita 300 kunakula uniti moja na robo hivi juu ya matumizi ya kawaida. Ukiingia hifadhini, lami inakwisha na mashimo nayo yanadai chao. Betri ya Leaf za mwanzo ilikuwa ya uniti 24 ilipokuwa mpya. Iliyozeeka ikapoteza robo inabaki na 18, na kwa mwendo wa kilometa sita kwa uniti hizo ni kilometa 108 za tambarare. Kwenda Momella na kurudi mjini, ukaongeza na kuzungukazunguka kwenye maziwa, umezimaliza au umebakiza za kuombea dua. Maeneo haya ndiyo ilikopigwa sehemu ya "Hatari!", ile filamu ya John Wayne ya mwaka 1962. Siku hizo hatari ilikuwa kifaru. Yako wewe ni asilimia tisa kwenye dashibodi, na mwenzako anauliza mbona umenyamaza.

Kushuka kunasaidia. Mguu ukitoka kwenye mafuta, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Lakini inarudisha sehemu tu, na kutoka Usa mpaka mjini bado kuna safari.

Basi unaingia Usa, unabahatika kukuta mwenye hoteli ana chaja ya haraka. Unapaki kwa madaha, unavuta waya... CCS2! Wewe una CHAdeMO. Chaja ipo, umeme upo, na hela unayo, ila gari lako halili. Kinachobaki ni kuomba soketi ya kawaida ya pini tatu. Hiyo kwa matumizi salama ya muda mrefu inakupa uniti mbili na ushee kwa saa, sawa na kilometa 14 hivi kwa saa nzima ya kunywa chai. Hapo utani wa Wajapani unakuwa kweli.

Wajanja watasema kuna adapta. Ni kweli, kwa chaji ya taratibu adapta ni kitu rahisi. Kwa chaji ya haraka mambo ni mengine, kwa sababu gari na chaja huzungumza kwanza, wakubaliane kiasi cha umeme, ndipo umeme upite. CHAdeMO na CCS2 hawazungumzi lugha moja. Ni kama kumkutanisha mzee wa Kimeru wa Nkoaranga na mzee wa Kimasai wa Monduli bila Kiswahili katikati. Watatazamana tu. Adapta ya hapo lazima iwe mkalimani mwenye akili, na wakalimani hawalipwi buku mbili.

Mbona watu wa utalii wameweza? Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilizindua magari ya safari yanayotumia umeme, na hapa hapa Arusha kuna E-Motion Africa inayong'oa injini za dizeli kwenye Land Cruiser na kuweka mota. Lakini gari la safari lina njia inayojulikana na kambi inayojulikana. Mwenye gari anaweza kuchagua mdomo wa gari na wa chaja siku moja. Wewe wa Sombetini unategemea chaja ya mtu mwingine.

Na hata nyumbani kuna kazi. Wengi wetu tumepanga, na LUKU ni ya kuchangia. Jaribu kunyonya uniti 18 kwa usiku mmoja uone kikao cha wapangenzi kitakavyoitishwa saa kumi na mbili asubuhi! Dawa ni mita yako, na soketi yenye waya wake kutoka kwenye breka, wenye kwenda ardhini sawasawa. Ekstensheni ya kuchajia simu itayeyuka.

Bodaboda nao wasidhani wamepona. Pikipiki za kubadilisha betri ni tamu, unatoa iliyokwisha na kuweka iliyojaa, dakika chache umeondoka. Lakini betri ya kampuni moja haikutengenezwa iingie kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Kampuni ikifunga kituo, dereva aliyekopa anabaki na chuma na rejesho.

Kinachouma ni kwamba umeme mkubwa umeshapatana. Tangu mwisho wa mwaka 2024 njia ya kilovoti 400 inaunganisha Tanzania na Kenya, inapita hapa kwetu Arusha na kuvuka Namanga. Nchi mbili zinapeana umeme, wakati magari mawili ya uani kwako hayawezi kuchangia waya! Vituo vya umma vitakavyojengwa kando ya barabara zetu vingepewa mdomo mmoja mapema, kabla kila mwenye duka hajaleta wake, tungeokoa akiba za vijana wengi.

Kwa sasa jilinde mwenyewe. Kabla hujatuma hela, omba picha ya mdomo wa gari. Kwenye Leaf hesabu vijiti vya afya ya betri, vinatakiwa kuwa 12. Soma kibandiko cha chaja yake, maana nyumba za Japani zina voliti 100 na kwetu ni 230. Kisha uliza kwa jirani, unakolala na unakokwenda, wana mdomo gani.

Kilometa utauliza baadaye. Kazi kwenu!