Wawili Kando ya Hakimu



Wapendwa waamini, mtoto wa mtu anaposhikwa kwa wizi au kwa kumpiga mwenzake, mtaani hukumu hutolewa kabla jua halijazama. Juma hili nawaalika tutazame namna Wajerumani wanavyowahukumu vijana wao, kwani kule majirani nao wamepewa kiti mahakamani.

Mahakama yao ya kwanza ya vijana ilianza Frankfurt mwaka 1908. Sheria ya mwaka 1923 ilipandisha umri wa kushitakiwa kutoka miaka 12 hadi 14. Mwaka 1943 utawala wa Hitler uliruhusu tena, kwa makosa mazito, watoto wa miaka 12 kuadhibiwa; sheria ya mwaka 1953, inayotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake, ikairudisha 14.

Makosa madogo huamuliwa na hakimu mmoja. Lakini inapotazamiwa kwamba kijana huenda akafungwa katika gereza la vijana, ambako kifungo huanzia miezi 6 na kwa makosa makubwa kabisa hufika miaka 10, huketi watu watatu: hakimu mwanasheria na raia wawili wa kawaida. Sheria inataka raia hao wawe mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wenye uzoefu wa kulea vijana. Majina yao hupendekezwa na kamati ya ustawi wa vijana ya mahali hapo, nao hutumikia miaka 5. Anayeteuliwa hawezi kukataa bila sababu inayotambuliwa na sheria.

Wenye umri mkubwa kati yetu watawakumbuka wazee wa baraza. Katika kesi za mauaji walitoa maoni yao Mahakama Kuu, lakini maoni hayo hayakumfunga jaji. Kule Ujerumani sivyo. Kura ya fundi seremala ina uzito uleule wa kura ya hakimu, na kumtia mtu hatiani kunahitaji theluthi mbili, yaani kura mbili kati ya tatu. Basi raia wawili wakipatana, hakimu na elimu yake yote ameshindwa. Zaidi ya hayo, raia hupiga kura kabla ya hakimu, na aliye mdogo kwa umri hutangulia, ili asije akamfuata mkubwa kwa woga au kwa heshima. Nakiri kwamba utaratibu huo mdogo umenipendeza kuliko mengine yote. Laiti vikao vyetu vingeuiga!

Tena, kwa kawaida raia hao hawapewi jalada la kesi. Wanachokijua ni kile walichokisikia kikisemwa pale: mashahidi, kijana mwenyewe, wazazi wake wenye haki ya kuzungumza, na afisa wa ustawi anayeeleza nyumba alimokulia. Kwa mshitakiwa mwenye umri chini ya miaka 18 milango hufungwa, watazamaji na waandishi wa habari wasiingie.

Hata hivyo, tusidhani kwamba jirani daima ni mpole kuliko mwanasheria. Aliyevunjiwa duka huenda akaja na hasira zake. Mwaka 2023, walipokuwa wakitafutwa watu wa kipindi cha 2024 hadi 2028, makundi ya siasa kali za mrengo wa kulia yaliwahimiza wafuasi wao wajiandikishe. Nani atamhakikishia kijana wa familia ya wahamiaji kwamba anayeketi kulia kwa hakimu hakuja na hukumu yake mfukoni? Kamati huyapitia majina, lakini moyo wa mtu haumo katika orodha. Sheria inaruhusu anayekiuka wajibu wake vibaya aondolewe na mahakama ya juu; ila hadi hilo lithibitike kura yake huhesabiwa, na kijana amesimama mbele yake.