Mtoto Anayelia Porini na Mti Unaotoka Damu

Mwezi huu safu ya vijana haiendi mbali. Tunawapeleka pembeni tu mwa Nyarugusu, pale nyumba zinapoishia na pori la miombo linapoanza, kwenye njia ya kuni ambayo mama zetu wanaijua tangu kambi ifunguliwe mwaka 1996.

Kwa wiki mbili watoto wa upande ule walikuwa hawalali. Usiku mtoto mchanga analia porini, ananyamaza, halafu analia tena upande mwingine. Kisha vijana waliokwenda kuni wakarudi mbio: kuna mti unatoka damu! Basi maneno yakaanza. Kuna bibi mmoja anakaa peke yake nyumba ya mwisho, hana mume wala mtoto. Wakubwa fulani wakasema eti yeye ndiye anayejua habari za mtoto yule. Watoto waliokuwa wakimchotea maji wakaacha. Hapo tukaona si mchezo tena. Maneno ya namna hii, huko kwetu tumeona yanavyoua watu.

Mchana tukaenda kwanza kwenye mti, vijana wanane na mzee mmoja seremala, mtu wa Fizi. Kweli shina lilikuwa limepigwa panga, na chini ya jeraha kuna michirizi myekundu iliyoganda. Mmoja wetu akarudi nyuma hatua tatu. Mzee akacheka.

"Batoto, huu si mninga? Mbao ya kitanda na ya mlango!"

Akachanja kidogo kwa kisu, tukangoja. Utomvu mwekundu ukatoka taratibu, ukanata vidoleni kama damu kabisa. Mninga ukikatwa ndivyo unavyofanya. Ukitaka kuutambua, tafuta tunda lake chini: bapa, la duara, katikati lina miiba na pembeni lina bawa jembamba.

Damu tukaimaliza. Akabaki mtoto.

Usiku tulikaa nyuma ya nyumba za mwisho pamoja na sungusungu wawili, maana kuingia porini gizani ni ujinga. Kama saa mbili na nusu hivi, akalia. Jamani! Hata anayejua atasisimka. Tochi ikawashwa, na juu ya tawi yakawaka macho mawili mekundu kama makaa. Yakaruka mti wa pili.

Komba! Mwili wake kama wa paka, masikio makubwa, mkia mrefu wenye manyoya mengi. Mchana hulala kwenye majani mazito au ndani ya shimo la mti, usiku hutafuta matunda, wadudu na utomvu wa miti. Kilio chake ni cha kuitana na kuwaambia komba wengine kwamba hapa pana mwenyewe. Mmoja akilia huku, mwingine hujibu kule, ndiyo maana "mtoto" alikuwa anahama. Na macho yanawaka kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga, kama wa paka.

Bibi akatoka na shuka mabegani.

"Munatafuta nini usiku huu, bajukuu? Ule komba? Amemaliza mapapai yangu!"

Asubuhi madumu mawili ya maji yalikuwa mlangoni kwake. Jirani mmoja bado anasema komba naye hutumwa. Huyo tumemwalika Ijumaa usiku, aje na tochi yake.