Kuku wa Singida na Majani ya Mlonge

Ukitoka Dodoma kwenda Singida, utaona mawe makubwa na mashamba ya alizeti. Kuku wa kienyeji wa huku wana sifa. Husafirishwa mpaka Dar es Salaam.

Nchi hii ni kavu. Wakati wa kiangazi kuku hawapati majani mabichi, na kiini cha yai hupauka. Hapo mlonge husaidia, kwani mti huu huvumilia ukame. Chuma majani, yakaushe kivulini, si juani, kisha yatwange. Katika kilo 10 za chakula changanya nusu kilo ya unga huo. Majani hayo yana protini nyingi. Kiini hurudia rangi yake ya manjano, na wanunuzi hupenda yai la namna hiyo.

Wafugaji wengi pia huloweka mshubiri katika maji ya kuku. Lakini, ndugu msomaji, mshubiri hauzuii mdondo! Mdondo huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo. Kila kuku hutiwa tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Mwone mtaalamu wa mifugo. Chupa moja huchanja kuku wengi, basi changianeni majirani.