Kuku wa Ijumaa



Samaki wa Lubudi hufa mara mbili: mara ya kwanza majini, mara ya pili juani au motoni. Ndakala hutufikia katika magunia, wakavu kama vijiti vya kuwashia moto. Kambale wa Bukama na wa maziwa ya Upemba hutufikia weusi kwa moshi. Na makayabu, ambayo yamesafiri kuliko sisi sote, hutufikia na chumvi inayotaka usiku mzima wa kulowekwa. Tumezaliwa, tumesoma, tumefundisha na kuanza kuzeeka kwa samaki wa namna hiyo, wala hatulalamiki. Bukari ya moto, sombe na ndakala ni chakula cha kumshukuru Mungu.

Lakini katika likizo kubwa ya mwaka jana, kijana wetu anayefuatilia mizigo ya malori ya shaba bandarini Dar es Salaam alituita twende tukapumzike pwani. Kwa kweli, kilichotuvuta zaidi si maji bali sahani. Tulitaka, mara moja maishani, kula samaki aliyekufa mara moja tu. Tulikuwa wanne: makatekista wawili, sote tumepita miaka hamsini, pamoja na wake zetu. Tukapanda basi Lubumbashi, tukavuka Kasumbalesa, tukaimaliza Zambia yote, tukaingia Tanzania kwa Tunduma. Juu ya siku nne hizo hatutasema mengi; magoti yetu bado yanazikumbuka.

Kijana hakutuweka Dar es Salaam. Alitupeleka Bagamoyo, mji wa kale ulio kaskazini yake, yapata kilomita sabini, na kutupangishia vyumba viwili kwa bibi mmoja mjane, Mwislamu, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu sana na ufuko hata usiku tulisikia mawimbi kana kwamba mtu anaburuta magunia. Wengi wenu mmesikia jina la Bagamoyo katika mafundisho, kwa kuwa ndipo Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misioni mwaka 1868. Ila kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Lubudi. Misafara ya biashara iliyofika Bunkeya kwa mfalme Msiri, humu humu katika eneo letu, ikitafuta pembe za ndovu, shaba na, kwa aibu yetu, watumwa, ilikuwa na mizizi yake katika pwani ile. Lugha tunayosalia leo ilipanda bara kwa miguu, kichwani mwa wapagazi.

Nasi tuligundua kwamba njiani ilimwaga samaki wake.

Kijana alipotuuliza kama tungependa kuonja kamba, tulimtazama. Kamba kwetu ni ya kufungia mbuzi. Akacheka, akatuonyesha mdudu wa majini mwenye masharubu, mwekundu baada ya kupikwa. Kaa kwetu ni la moto. Kwao ni pia mnyama atembeaye ubavu ubavu. Taa kwetu huwashwa jioni. Kwao kuna taa aliye bapa kama mkeka, mwenye mkia mrefu. Lililotuvunja kabisa ni pono. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtu aliyelala fofofo amelala usingizi wa pono, nasi tumewafundisha hivyo watoto wa shule kwa miaka ishirini na minane bila kujiuliza pono ni nani. Ni samaki. Tulimwona amelala juu ya meza ya mchuuzi, na kwa hakika alikuwa amelala.

Sasa tuje kwenye kosa letu.

Jioni ya kwanza, siku ya Alhamisi, bibi alitandika mkeka, akaleta sinia la wali wa nazi na bakuli lenye mfuniko. Alipofunua, tuliona mchuzi mzito wa manjano, na ndani yake vipande vya nyama yenye rangi ya zambarau kama kanzu ya padre wakati wa Kwaresima. Kila kipande kilikuwa na safu mbili za vikombe vidogo vidogo. Tukamwuliza kijana kwa sauti ya chini. Akasema: pweza. Tukataka kujua zaidi, naye, kwa ujinga wa ujana, akatueleza zaidi: mikono minane, hana mfupa, hubadili rangi, hujificha mapangoni. Mmoja wa wake zetu alijisogeza nyuma juu ya mkeka.

Ndipo mmoja wetu, ambaye hatutamtaja ila ndiye aliyeshika kalamu hii, akamwambia bibi kwamba tulikula njiani na tumeshiba.

Hatukuwa tumekula tangu asubuhi. Tulichota wali mtupu, kidogo kidogo, ili uongo wetu ufanane na ukweli. Bibi akasema, "Haya, hamna neno," akafunika bakuli. Baadaye tulisikia watoto wa jirani wakilishangilia.

Usiku kijana alitueleza kwamba mwezi wa Agosti ni msimu wa kusi, upepo uichafuao bahari, na samaki huwa wachache na bei hupanda. Bibi alikuwa amekwenda ufukoni tangu alfajiri, akasimama kwenye mnada, akanunua pweza kwa fedha zake mwenyewe, zisizokuwamo katika mapatano, kwa sababu aliambiwa kwamba wageni wake hawajawahi kuiona bahari.

Hatukulala usingizi wa pono usiku ule. Tulikumbuka jambo la nyumbani, la zamani, tulipokuwa bado wanafunzi wa ualimu. Mwenzetu mmoja kutoka mbali alikuja kututembelea, na mama alimkaangia viwavi wa porini, wale wanene wa mwanzo wa masika, ambao alikuwa amewaweka kwa ajili ya mgeni. Yule kijana alisema amekula njiani. Ndiyo, vijana, maneno yale yale. Mama alifunika sahani bila kusema neno. Usiku tulimsikia akimwuliza baba kama chakula chetu ni kibaya. Na sisi ndio tunaowafundisha ninyi kila mwaka habari za Petro juu ya dari kule Yafa, na ile shuka iliyoteremshwa mbele yake ikiwa na kila aina ya mnyama.

Asubuhi tuliamua kwamba mchana tutakula chochote kitakacholetwa, hata kama kitakuwa na mikono ishirini. Tukakaa mkekani tukiwa tayari kwa ushahidi. Bibi akafunua bakuli. Ni kuku.

Alikuwa amefikiri sana, masikini. Wageni hawa ni watu wa bara, kitu cha bahari kinawatisha, basi tuwachinjie kuku. Na siku ile ilikuwa Ijumaa. Ninyi mnajua kwamba sisi wa kizazi kile bado hatuli nyama siku ya Ijumaa, Kwaresima au si Kwaresima. Ni desturi tuliyoipokea kwa wazee wetu na hatukupenda kuiacha ianguke mikononi mwetu. Hapo tukawa kati ya mambo mawili. Tukikataa, tunamwambia mara ya pili kwamba mkono wake hautufai. Tukila, tunavunja tulichokishika miaka yote. Na samaki tuliopaswa kumla Ijumaa ile, tena safi kuliko samaki wote wa maisha yetu, tulimkataa Alhamisi. Wake zetu walitutazama. Mwenzetu alifanya ishara ya msalaba, akachukua paja.

Tulikula. Kuku alikuwa mtamu, jambo ambalo halikutusaidia.

Baada ya chakula tulimwambia bibi ukweli wote: kwamba jana hatukuwa tumeshiba, kwamba tuliogopa, na kwamba leo ni siku ambayo kwetu hatuli nyama lakini tumekula kwa sababu ya jana. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akacheka hadi akaifuta macho kwa ncha ya khanga. "Mngesema tu, wanangu," akatuambia. "Na mimi hao wadudu wenu mkiniletea nitakimbia hadi Zanzibar." Akatulia kidogo, akaongeza kwamba alidhani tumeona nyumba yake si safi. Hilo alilisema bila kucheka.

Jumamosi alitupeleka ufukoni. Ngalawa zilikuwa zimefika, na dalali alikuwa akipaza sauti juu ya mafungu ya changu, tasi na kolekole yaliyotandazwa chini. Kandokando, mafuta yalikuwa yakichemka katika makarai makubwa. Tulimnunua pweza kwa fedha zetu. Nyumbani bibi alitufundisha kwamba pweza hupigwapigwa kwanza ili alainike, kisha huchemshwa kwa maji yake mwenyewe. Akatuma mmoja wetu alete mbuzi, naye akazunguka ua mzima akimtafuta mnyama. Kumbe mbuzi ni kigoda chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi. Tui jepesi linaanza, tui zito linamalizia, na ndimu mwishoni. Juu ya sifa za supu ya pweza tuliambiwa mengi na wavuvi, ambayo hayafai kuandikwa katika ukurasa huu.

Na ladha? Ni laini lakini hubishana kidogo na meno, na nyuma yake kuna utamu usio wa nyama wala wa samaki. Mwenzetu aliongeza mara mbili. Mke wake, yule aliyejisogeza nyuma, alifuta bakuli kwa kipande cha chapati.

Vya utamu havikuhitaji ujasiri wowote. Kaimati ni ndugu wa mikate yetu ya asubuhi, ila wametiwa hamira na iliki na kuzungushwa katika sukari iliyochemshwa ikawa nzito. Mkate wa kumimina hutengenezwa kwa mchele uliolowekwa na kusagwa kwa nazi. Ukiukata unaona vishimo vishimo kama sega la nyuki. Lakini moyo wetu ulibaki kwenye kashata: nazi iliyokunwa, sukari, iliki kidogo, imemwagwa katika sinia, imekatwa ikiwa bado na uvuguvugu. Tulikuwa na mpango wa kutembelea misioni ya kale kila asubuhi. Tulikwenda mara mbili. Asubuhi nyingine, tukiri, zilikwenda kwa kashata.

Siku ya kuondoka bibi alitupa furushi. Ndani mlikuwa na kashata za watoto wetu na pweza mmoja aliyekaushwa juani, mgumu kama ngozi ya ngoma. Mpakani askari mmoja alimgeuza juu chini, akauliza ni dawa ya nini.

Wengine mnajua yaliyobaki, kwa kuwa mlikuwapo. Jumapili ya pili baada ya kurudi tuliwaita nyumbani. Kashata ziliisha kabla mdogo wa mwisho hajaketi. Pweza, aliyelowekwa usiku kucha kama makayabu na kupikwa kwa karanga, maana nazi hatuna, alibaki katikati ya meza, na kila mmoja wenu akawa ghafla anatazama dirishani. Watatu walisema wamekula nyumbani.

Kisha binti mmoja akauliza, "Baba Mwalimu, ninyi wenyewe mlimla siku ile ya kwanza?"

Tukaketi, tukaeleza tangu kwenye mkeka. Kuhusu tumbo lililoshiba kwa maneno. Kuhusu mama na sahani ya viwavi. Alipomaliza kusikiliza alivuta bakuli, akachagua kipande kidogo kuliko vyote, akakigeuza ahesabu vikombe vyake, akauliza kama kuna pilipili.