Spika Zilivyoshuka Kabatini

Muziki wa nyumbani huku Kisii na Nyamira umekalia vitu vitatu kwa zamu: meza, kabati na, kwa wachache wetu, jiwe la Tabaka. Mimi nimeyaona makao yote matatu. Nikiulizwa leo ni kitu gani kilichonyoosha sauti sebuleni kwangu, sitataja redio wala wufa, ile spika ya besi. Nitataja pale vilipowekwa.

Miaka ya 1980 kwetu, upande wa Keroka, redio ilikaa juu ya meza ndogo ya mbao na aliyeruhusiwa kuigusa ni baba peke yake. Mawe yake, yaani betri, yakiisha nguvu yalianikwa juani ili yasukume siku nyingine mbili tatu. Kipindi cha lugha yetu ya Ekegusii kilipofika watu walinyamaza, na matangazo ya vifo yalipoanza hata watoto walisimama. Spika ya redio ile ilikuwa ndogo, lakini hakuna neno lililotupita. Sababu zake nilizijua baadaye sana. Kuta za udongo na paa la nyasi humeza mwangwi, na spika ndogo haina besi ya kutikisa meza. Chumba na redio vilikuwa vimepatana bila mtu kuvipatanisha.

Kisha chai na mshahara vikabadilisha nyumba. Udongo ukapisha matofali, nyasi zikapisha mabati, sakafu ikamwagwa sementi. Sebuleni kukaingia kabati refu la milango ya vioo: humo mlikaa vikombe vya wageni, juu yake picha za mahafali, na juu kabisa, karibu na dari, spika mbili za redio kaseti zilizofunikwa vitambaa vya kufuma. Kuziweka chini kulionekana kama kuzidharau. Stima ilipozidi kuenea vijijini, hasa baada ya mradi wa Last Mile kuanza mwaka 2015, maduka ya Kisii mjini yakajaa wufa za bei nafuu. Hizo nazo zikaingizwa kabatini, ndani kabisa, migongo ikigusa ukuta.

Jumamosi, siku ya Sabato, ndipo hasara ilipojitokeza. Waadventista wamekuwa Nyanchwa, pale Kisii mjini, kwa zaidi ya miaka mia moja, na nyumba nyingi za Gusii zimelelewa na kwaya. Mtu aliyeimba kwaya husikiliza sauti nne, kila moja na njia yake. Kwenye kabati lile sauti ya nne, yaani besi, ilivimba ikaifunika sauti ya tatu, maneno yakapotea na vikombe vikaitikia kila noti nzito. Benga ya mwanamuziki wetu Christopher Monyoncho haikusalimika: gitaa la besi lilinguruma lote kwa kiwango kimoja, na gitaa la solo likasikika kama linapigwa nyumba ya jirani. Dawa iliyojulikana mtaani ilikuwa moja tu, kununua wufa kubwa zaidi. Vikombe vikazidi kulia.

Kinachotokea si uchawi. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, sanduku lake nalo husukumwa nyuma. Sanduku likikaa juu ya ubao mpana na mwembamba, ubao hupokea mtikisiko ule na kuanza kutoa sauti yake, kwa kuchelewa kidogo na kwa noti inayoupendeza wenyewe. Ukuta ulio nyuma na pembe ya chumba huongeza besi tena. Ile sauti kali na nyembamba, inayobeba herufi kama s na t, husafiri kwa mstari. Ikitokea juu ya kabati hupita juu ya vichwa vya waliokaa kwenye makochi.

Wagusii si wageni wa mtetemo. Obokano, kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, hupendwa kwa ule mvumo mzito unaokwaruza. Lakini pale mvumo ni kazi ya mpigaji, ni sehemu ya wimbo. Mvumo wa kabati haukuombwa na mwimbaji yeyote, na huingia katika kila wimbo bila kubagua.

Kwangu mabadiliko yalianzia Tabaka, kusini magharibi mwa mji wa Kisii, kwenye machimbo ya jiwe laini linalochongwa viboko, sahani na watu waliokumbatiana. Ni jiwe linalokatika kwa msumeno wa mkono, nalo ni zito. Nilimwomba mchongaji vibao viwili vya sentimita 30 kwa 25, unene wa sentimita 5.

“Mwalimu, hii ni ya kaburi ama ya meza?” akaniuliza.

“Ya kukalisha spika.”

Alicheka, akamwita mwenzake aje asikie, kisha akachora mistari kwa msumari na kuanza kukata. Vumbi jeupe lilimpaka hadi kwenye kope. Mama mmoja akavisugua vibao kwa msasa na maji mpaka rangi ya kijivu ikatokea. Kimoja kina uzito wa kilo kama kumi, na kitu kizito hakitikisiki kwa urahisi.

Miguu ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea: bomba la pembe nne, bamba pana chini, mchanga mkavu ndani ili chuma kisilie. Urefu ni sentimita 65 hivi, spika ikae usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Kati ya jiwe na spika nikaweka vipande vya tyubu ya gari vilivyokunjwa, kila pembe kimoja. Mwisho nikavuta vyote mbele, nusu mita kutoka ukutani. Jumamosi iliyofuata sauti ya tatu ilisikika kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na besi ikawa na noti badala ya ngurumo.

Lakini tusidanganyane kuhusu mpira. Sakafu ya sementi iliyomwagwa juu ya udongo haitikisiki sana; hapo kazi kubwa hufanywa na kimo, uzito na umbali kutoka ukutani. Mpira hufaa zaidi pale sanduku linapolazimika kukaa juu ya mbao, na katika gorofa za Kisii mjini, ambako sakafu yako ndiyo dari ya mwenzako. Hata huko hupunguza tu mtikisiko unaopitia sakafuni. Besi inayosafiri hewani jirani ataendelea kuisikia. Na mvua ya huku ikianza kupiga mabati, hakuna jiwe litakalokusaidia; zima, ungoje.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujapeleka pesa dukani kutafuta wufa kubwa, shusha spika ulizonazo. Zipange juu ya matofali, ziweke usawa wa masikio, zisogeze mbele, vua vitambaa, kisha piga wimbo unaoujua vizuri. Usiposikia tofauti, rudisha matofali ulikoyatoa. Hutakuwa umepoteza hata shilingi.